Sauti na Picha: Maonesho ya Filamu Fupi za Vijana na Kiswahili cha Bonde la Kilombero



1.0 Utangulizi

Mada ya mhadhara huu ni filamu fupi zinazotengenezwa na vijana ambao ndio kwanza wanaingia katika kazi hiyo, pamoja na namna filamu hizo zinavyooneshwa kwa watu. Huenda wapo miongoni mwetu wanaojiuliza mwanaisimu anatafuta nini katika sinema. Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu mapema.

Filamu yenye mazungumzo ni tukio la lugha kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Watu husalimiana, hubishana, huombana radhi na hutaniana ndani yake. Anayeandika majibizano ya filamu huamua, kwa kila sentensi, nani aseme Kiswahili cha namna gani, na nani asiseme Kiswahili kabisa. Uamuzi huo ndio uwanja wa isimujamii.

Filamu fupi ni ipi? Taasisi inayotoa Tuzo za Oscar huihesabu filamu kuwa fupi iwapo haizidi dakika 40. Zile zinazotengenezwa na vijana kwa kawaida huwa fupi zaidi ya hapo, kwa sababu ya fedha na vifaa.

Hoja ninayotaka kuitetea ni hii: filamu fupi ya kijana aliyekulia mahali penye lugha nyingi ni kumbukumbu ya usemi wa mahali hapo, lakini kumbukumbu hiyo huthibitishwa pale inapooneshwa mbele ya wenye usemi huo. Kwa hiyo mahali inapooneshwa filamu kwa mara ya kwanza ni suala la kiisimu pia. Nimechagua kuijadili hoja hii kwa kutumia mji wa Ifakara na bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Nitaanza kwa kueleza sababu ya uchaguzi huo.

2.0 Bonde na Lugha Zake

Bonde la Kilombero limelala chini ya milima ya Udzungwa, na ardhi oevu yake iliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Ni nchi ya mpunga, samaki na mafuriko. Kwa lugha, ni mahali pa makutano. Wandamba na Wapogoro ni wenyeji wa siku nyingi, nao Wambunga, Wabena na Wahehe wana makazi na historia yao humo. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kipogoro kimepewa alama ya G51 na Kindamba G52, Kihehe ni G62 na Kibena G63, ilhali Kimbunga kimewekwa mbali nazo, P15, pamoja na Kimatumbi na Kingindo. Tofauti hizo za herufi kwenye karatasi ni majirani wa mlango kwa mlango huko Ifakara.

Baadaye walikuja wengine. Kiwanda cha sukari upande wa Kidatu kiliwavuta wafanyakazi kutoka mikoa mingi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilipita bondeni na kuziunganisha Mang'ula, Ifakara na Mlimba na Dar es Salaam upande mmoja na Zambia upande wa pili. Wafugaji wa Kisukuma nao wakaingia na mifugo yao. Hivi leo, asubuhi moja sokoni, mtu anaweza kusikia "kamwene" na "mwangaluka" kabla hajasikia "habari za asubuhi". Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote hao, nacho kimepokea lafudhi, misamiati na adabu za kila mmoja wao.

Sababu ya pili ni kwamba bonde hili limeandikwa na kuchunguzwa sana na watu wa nje. A. T. na G. M. Culwick walichapisha kitabu kuhusu Wabena wa mabondeni mwaka 1935, kwa Kiingereza. Mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Uswisi alianzisha maabara Ifakara, ambayo ndiyo asili ya Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Kazi hizo zimeleta faida kubwa, na sina nia ya kuzibeza. Ila mwelekeo wake ni mmoja: maarifa huchukuliwa bondeni na kusomwa kwingine. Kijana wa Ifakara anapoinua simu yake na kupiga filamu, mwelekeo huo unaweza kubadilika. Nimesema unaweza, kwa sababu historia ya filamu katika nchi yetu inatuonya kwamba jambo hilo halitokei lenyewe.

3.0 Sauti Iliyotengwa na Picha

Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa majaribio ya sinema kwa Waafrika wa Afrika ya Mashariki na Kati, uliosimamiwa na akina L. A. Notcutt na G. C. Latham. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Mradi ulitengeneza filamu 35. Moja wapo, ya mwaka 1936, ilihusu mashamba ya wakulima wadogo wa Kingolwira, jirani na mji wa Morogoro, yaani katika mkoa huu huu tunaouzungumzia.

Jambo linalomhusu mwanaisimu ni ufundi wake wa sauti. Picha zilikuwa kwenye utepe, na maneno yalikuwa kwenye santuri iliyopigwa kando. Filamu moja iliweza kupewa santuri ya lugha hii leo na ya lugha nyingine kesho. Wenyeji walitoa nyuso na mikono yao. Maneno yaliamuliwa na wengine, kisha yakaongezwa. Kati ya filamu hizo 35, zinazojulikana kubaki ni 3 tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Picha inapobaki bila santuri yake, hakuna awezaye kutueleza watazamaji waliambiwa nini kwa lugha yao.

Utengano huo wa sauti na picha ulirudi baadaye kwa sura nyingine. Katika vibanda vya video vya miji yetu walitokea wasimulizi, kama wale waliojulikana kwa majina ya Lufufu na DJ Mark, waliozieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili. Safari hii sauti ilikuwa yetu na picha ilikuwa ya wengine. Ni sanaa yenye ustadi mkubwa, na ndugu zetu wa fasihi simulizi wamefanya vyema kuitazama.

Zilikuwapo pia juhudi za kuviunganisha viwili hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika filamu ya Kiswahili ya Muhogo Mchungu. Mwaka 1985 ilitoka Arusi ya Mariamu ya Ron Mulvihill na Nangayoma Ng'oge, filamu fupi inayowahusu mume, mke na mganga wa jadi, ambayo waigizaji wake wanasema Kiswahili kwa vinywa vyao wenyewe. Kisha ukaja mkondo wa filamu za video za Dar es Salaam, ambao Girlfriend ya George Tyson ya mwaka 2003 huhesabiwa miongoni mwa zilizoufungulia njia.

Mkondo huo umekifanyia Kiswahili kazi kubwa ya kukieneza nje ya mipaka yetu. Hata hivyo umezoea mgawanyo fulani wa lafudhi. Mhusika mwenye fedha, elimu au mapenzi husema Kiswahili cha mjini. Lafudhi ya mikoani hupewa mlinzi wa geti, mtumishi wa ndani, au mshamba aliyekuja mjini kuchekwa. Kijana wa Ifakara amekulia mbele ya filamu hizo. Akianza kutunga yake, yumo hatarini kuurudia mgawanyo huo bila kujua, ingawa mjini kwake mwalimu, muuguzi na mwenye mashine ya kukoboa mpunga wote wana lafudhi ile ile anayompa mhusika wa kuchekesha.

4.0 Ufupi na Uzito wa Neno

Simu ya mkononi ya leo hunasa sauti na picha kwa pamoja. Kwa mtu asiye na fedha za studio, maneno ya filamu yake huwa ni yale yaliyosemwa pale pale, pamoja na upepo na jogoo. Ufundi uliowashinda watu wa Vugiri umekuwa kitu cha mfukoni. Linalobaki ni uamuzi wa mtunzi, na ufupi wa filamu huufanya uamuzi huo kuwa mgumu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti wa mtaa wa Viwanja Sitini ana simu, wenzake watatu, na hadithi ya dakika 8. Bibi na mjukuu wake wa kiume wako juu ya dungu, wanaamia ndege katika shamba la mpunga siku chache kabla ya mavuno. Mjukuu amesinzia. Binti huyu, aliyefundishwa insha shuleni, anaandika maneno ya bibi hivi: "Mjukuu wangu, tafadhali amka haraka, kwani ndege wameingia shambani na wanaharibu mpunga wetu."

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Lakini bibi aliyeombwa kuigiza anaisoma, anaiweka kando, na mbele ya kamera anasema: "We mume wangu, umelala nani analinda?"

Tuitazame kauli hiyo kwa makini. Kwanza, imemaliza kazi kwa maneno machache. Ndege hawakutajwa, kwa sababu wanaonekana na kusikika. Mpunga haukutajwa, kwa sababu umewazunguka. Katika filamu, kinachoonekana hakihitaji kusemwa, na msemaji wa kawaida hulijua hilo bila kufundishwa. Pili, neno "tafadhali" limeondoka, na adabu haikuondoka nayo. Imehamia katika "mume wangu", ambao ni utani wa bibi na mjukuu unaoeleweka katika sehemu nyingi za nchi yetu. Utani huo unakemea na kubembeleza kwa wakati mmoja. Tatu, "we" badala ya "wewe" imeonesha ukaribu ambao mtu wa nje angeudhani kuwa ukali.

Somo kwa wanafunzi wa uandishi wa majibizano liko hapo. Mtunzi wa riwaya ana nafasi ya kueleza kwamba bibi alikuwa akitania. Mtunzi wa filamu ya dakika 8 hana nafasi hiyo. Kauli moja lazima ibebe uhusiano, mahali na hali ya moyo. Ndiyo maana filamu fupi inayofaulu huwa na usemi halisi kuliko tamthilia nyingi ndefu.

5.0 Tafsiri Inayotangulia Mazungumzo

Hapa ndipo penye hatari. Binti wetu anataka filamu yake ionekane. Anafahamu kwamba matamasha mengi hudai maandishi ya tafsiri yapite chini ya picha, na mara nyingi lugha hiyo ni Kiingereza. Anajiuliza "mume wangu" itafasiriwaje. Ikifasiriwa neno kwa neno, mwamuzi aliye mbali atadhani mtoto ameozwa kwa kikongwe. Ikifasiriwa "mjukuu wangu", utani umekufa. Njia rahisi ni kuipiga tena picha ile na kumwomba bibi aseme "mjukuu". Akifanya hivyo, tafsiri imeyatangulia mazungumzo: lugha ya mtazamaji wa mbali imeamua nini kisemwe bondeni.

Jambo hili haliwahusu wanaoanza peke yao. Filamu fupi ya Watu Wote ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Katja Benrath pamoja na wanafunzi wenzake wa chuo cha habari cha Hamburg, ilitengenezwa Kenya na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Inahusu shambulio la basi lililotokea karibu na Mandera mwezi Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu waliwakinga wenzao Wakristo. Mazungumzo yake ni ya Kiswahili na Kisomali. Jina lake la Kiswahili liko katika nafsi ya tatu: watu wote. Jina la Kiingereza lililoambatanishwa nalo liko katika nafsi ya kwanza wingi, maana yake "sisi sote". Kiswahili kinawatazama abiria. Kiingereza kinamwingiza mtazamaji ndani ya basi. Sisemi lipi ni bora. Nasema ni majina mawili yenye maana mbili, na mtazamaji wa lugha moja hatalijua hilo.

Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, inatupa hali nyingine. Jina ni la Kiswahili, na mazungumzo ni ya Kiingereza. Ni kazi yenye sifa kubwa, na mtunzi ana uhuru wake. Lakini kijana anayejifunza anapaswa kuona kwamba lugha inaweza kubaki kwenye bango la filamu huku ikiwa imetoka vinywani.

Rai yangu ni kwamba tafsiri ifanywe baada ya filamu kukamilika katika lugha yake, na ifanywe na mtu anayeijua jamii ile. Kwa kauli ya bibi, mfasiri mzuri atatafuta utani unaolingana katika lugha ya pili, na bibi wa bondeni ataachiwa maneno yake.

6.0 Onesho kama Uhakiki

Nimesema kwamba kumbukumbu ya usemi huthibitishwa mbele ya wenye usemi. Wanaisimu tunaufahamu utaratibu huo uwandani: baada ya kunakili maneno ya mtoataarifa, humrudia na kumsomea ili asahihishe. Onesho la filamu katika mahali ilipotengenezwa lina kazi hiyo hiyo, isipokuwa watoataarifa ni uwanja mzima.

Afrika ya Mashariki ina mifano ya kupeleka filamu kwa watu. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, maarufu kama ZIFF, lililoanza mwaka 1998, limewahi kuambatanisha maonesho ya vijijini Unguja na Pemba na yale ya Ngome Kongwe. Maisha, mpango wa mafunzo ulioanzishwa na Mira Nair jijini Kampala mwaka 2004, umewafunza vijana wa nchi zetu kutengeneza filamu fupi. Amil Shivji alitoa filamu fupi za Shoeshine mwaka 2013 na Samaki Mchangani mwaka 2014 kabla ya kufikia filamu ndefu ya Vuta N'kuvute mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Njia ya kutoka filamu fupi hadi ndefu ipo, na imekwisha kupitwa kwa Kiswahili.

Kwa Ifakara, mfano unaotufundisha zaidi umetoka nje ya sanaa. Katika miaka ya 1990, mradi wa KINET wa kueneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga ulilazimika kwanza kuchunguza watu wanavyoyaita na kuyaelewa magonjwa. Watafiti waliona kwamba "malaria" ya hospitalini na "homa" ya nyumbani hazikuwa na mipaka ileile, na kwamba degedege ya watoto haikuhusishwa na mbu na wazazi wengi, bali ilidhaniwa kuwa na chanzo kingine. Ujumbe uliosema "kinga mtoto na malaria" ungeweza kumpita mzazi aliyekuwa anaogopa degedege. Chandarua kilichotokana na kazi hiyo kilipewa jina la Zuia Mbu, maneno mawili ambayo kila mtu anayaelewa. Neno lilijaribiwa kwanza kwa wenye maisha yanayohusika, nalo likafanya kazi.

Filamu ya kijana nayo ijaribiwe hivyo hivyo. Mahitaji si makubwa: ukuta au shuka jeupe, projekta, vipaza sauti na umeme wa uhakika. Wakati ndio wa kuchagua vizuri. Msimu wa mvua familia nyingi huhamia mashambani na mji hupungua watu. Baada ya mavuno watu wamerudi na wana nafasi. Taratibu za Bodi ya Filamu zifuatwe tangu mwanzo, kwa kuwa utengenezaji na maonesho ya hadhara yanasimamiwa na Sheria Na. 4 ya mwaka 1976 pamoja na marekebisho yake.

Lililo muhimu ni kusikiliza. Uwanja ukicheka kwa "mume wangu", utani umepita. Ukicheka pale mwalimu anapofungua kinywa, mtunzi ajiulize kama amempa lafudhi ya kubandika. Wazee wakinong'onezana kwamba mvuvi wa kweli hashiki upondo namna ile, wala hauiti hivyo, hilo ni sahihisho la msamiati ambalo hakuna jopo la waamuzi mjini litakalolitoa. Mtunzi anayeandika maoni hayo usiku ule ule ana data ambayo wengi wetu huitafuta kwa ruzuku.

7.0 Mapendekezo na Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, napendekeza mambo manne kwa idara za Kiswahili na isimu nchini.

Mosi, filamu fupi za vijana ziingizwe katika masomo yetu ya isimujamii kama matini halali, sambamba na magazeti na redio.

Pili, kila filamu iambatane na unukuzi kamili wa maneno yaliyosemwa, katika lugha iliyosemwa, ukitaja pia mahali. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulituonesha thamani ya kuorodhesha lugha zetu. Unukuzi wa filamu utatuonesha lugha hizo zinavyoishi pamoja na Kiswahili ndani ya mazungumzo mamoja.

Tatu, nakala ya filamu na unukuzi wake ihifadhiwe mahali wenyeji wanapoweza kuifikia. Simu huibwa na kadi za kumbukumbu huharibika. Filamu 32 kati ya 35 za Vugiri zilipotea zikiwa chini ya uangalizi wa watu wenye fedha na ofisi.

Nne, vijana wasaidiwe kuzionesha kazi zao nyumbani kabla ya kuzituma kwenye matamasha ya mbali. Sifa za mbali ni njema, na msanii anazihitaji ili ale. Hata hivyo ushahidi kwamba bibi amesemeshwa kama bibi uko Ifakara.

Watoto wanaozaliwa leo mitaa ya Kibaoni na Lumemo wengi watakulia katika Kiswahili, na baadhi yao watavijua Kindamba na Kipogoro kwa kuvisikia tu. Kiswahili watakachokisema kitakuwa na alama za lugha hizo katika maamkizi, utani na majina ya vitu vya mtoni na shambani. Alama hizo hazimo bado katika kamusi zetu. Vijana wenye simu wanaweza kuzinasa sasa, wakati wasemaji wake wangali hai na wanaweza kukaa mbele ya shuka jeupe na kusema: hapo umepatia, na hapo rudia.